Kipepeo wa Kivumbasi na Trekta la Pacha Wangu

Nyie watu wa ofisi ya walimu, nimewachoka. Kila kengele ya chai ikilia mnanizunguka: "Kulwa, ilikuwaje huko? Mbona uliondoka na viatu vyako vizuri ukarudi na gambuti za kiume?" Nikianza kusimulia, kengele inalia tena, na kilichobaki mnajimalizia wenyewe. Juzi nimemkuta mwalimu wa hesabu anawaeleza watu kwamba ng'ombe alinipiga pembe akanirusha ziwani. Sikupigwa pembe. Ng'ombe walinisaidia, tena kuliko baadhi yenu. Basi nimeandika yote hapa. Someni mkiwa mmekaa, na asiongeze mtu chumvi, iliyomo inatosha.

Chanzo mnakijua nusu. Nina pacha wangu wa kiume, Doto, anakaa kwetu ng'ambo ya ziwa, mbele ya Sengerema, kwenye mji wa bibi yetu aliyetulea. Bibi alituachia ngitili. Kwa wale msiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza. Nyasi zinakua bila kuguswa, mpaka kiangazi kikikaza ndipo wanafunguliwa ndama na ng'ombe wagonjwa. Ngitili yetu haijawahi kuguswa na jembe. Na ndani yake, kwenye mteremko ulioota vivumbasi, anaishi yule kipepeo mdogo ambaye nimewapigia kelele habari zake miaka yote hii hadi mkaanza kuniita mama vipepeo.

Doto akanipigia simu. "Mwaka huu hatufungi ngitili," akasema. "Mvua ya kwanza ikidondoka, trekta linaingia. Nalima mahindi."

"Na kipepeo?"

"Kulwa, wewe unakula mshahara. Mimi nile vipepeo?"

Hapo alinishinda kwa hoja, na mimi nikishindwa kwa hoja huwa nafunga safari. Mvua ya kwanza ndiyo inayomtoa kipepeo ardhini, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoliingiza trekta. Ilibidi nifike kabla yake.

Gatini, Mwanza mjini

Wenye akili siku hizi wanapita kwenye lile daraja jipya la kuvuka ziwa. Mimi nilitaka feri ya Kamanga, kwanza kwa sababu nimeizoea, pili kwa sababu ya mama mmoja anayekaanga sato karibu na gati na kukuongezea pilipili bila kuombwa. Mume wangu alinitoa nyumbani Ilemela asubuhi, akanishusha hapo, akatazama wingu jeusi lililolala juu ya upande wa Sengerema, akasema, "Hiyo ni mvua. Wahi." Mimi niliwahi. Feri ndiyo haikuwahi.

Kisa ni trekta. Jekundu, limechakaa, lina jembe la sahani nyuma, limezimika palepale mlangoni pa feri, nusu limo, nusu liko nje. Nyuma yake magari yanapiga honi. Akina mama wa dagaa wamekalia ndoo zao wanamshauri dereva, wote kwa pamoja. Dereva mwenyewe haonekani, kichwa amekiingiza kwenye injini.

"Wewe kaka!" nikamwita. "Ondoa hilo dude, watu tuna safari!"

Akatoa kichwa. Jitu kubwa, uso wa upole, grisi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mwarimu."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Sauti."

Akina mama wa dagaa walicheka, mmoja nusura aanguke na ndoo. Nami nikaona tukimwachia huyu mwenyewe tutashinda hapa. Nikafunga kitenge kiunoni, nikawapanga watu kama ninavyopanga mstari wa asubuhi shuleni: wanaume nyuma, akina mama pembeni, na anayepiga picha aweke simu mfukoni. Moja, mbili, tatu! Dude likakohoa, likaruka, likaingia ferini. Watu wakanipigia makofi na mimi nikayapokea. Kumbukeni hapo: ni mimi niliyelisukuma, kwa mikono yangu hii hii.

Kwa kuwa nilikuwa nimemgombeza mbele za watu, nilimgawia dereva sato wangu. Jina lake Magesa, Mjita wa upande wa Musoma, mtu wa maneno machache na matonge makubwa. Katikati ya ziwa tulipita kwenye wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Abiria wote tukafumba midomo, hata akina mama wa dagaa wakanyamaza, na ilikuwa raha sana. Magesa peke yake aliendelea kula.

"Unakwenda wapi na hilo trekta?" nilimuuliza wadudu walipopungua.

"Kurima shamba ra mtu, mbere ya Sengerema."

Nikamtakia kazi njema. Mimi, mwalimu mzima, sikuuliza la nani.

Kamanga kwenda Sengerema

Pale Kamanga gari la Sengerema lilikuwa limejaa na linaunguruma, kiti kimebaki kimoja. Mimi nikaona mihogo ya kuchoma. Mnanijua. Nikasema nichukue kipande kimoja cha njiani, nikabishana kidogo na mwenye mihogo kuhusu kile kipande kilichoungua, na nilipogeuka niliona vumbi la gari tu.

"Panda, mwarimu," sauti ikasema juu ya kichwa changu. Magesa alikuwa amefuta madigadi ya gurudumu kwa kitambaa chake, akanipa mkono. Nikapanda, nikashika nondo, tukaondoka kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani. Kila tuliyempita barabarani alitusalimu mara mbili, tulipomfikia na tulipokuwa bado tunampita.

Kwa mwendo huo mtu lazima aongee, na mimi nina jambo moja tu la kuongea.

"Huyo kipepeo wenu anafanya nini cha ajabu?" Magesa akauliza baada ya kunisikiliza kwa muda.

"Anataga kwenye maua ya kivumbasi, yai mojamoja. Kiwavi akitoka anakula maua, ametulia kabisa, huwezi kumdhania ubaya. Halafu siku moja anajiachia mwenyewe, pu, chini."

"Anakufa?"

"Thubutu! Anangoja kupokelewa. Wanakuja sisimizi weusi wakubwa, wanamkuta mgongoni ana tone tamu. Wanalamba. Wanaona huyu ni mtu wa maana. Wanambeba mpaka nyumbani kwao chini ya ardhi, na huko anakaa kiangazi chote."

"Wanampa chakura?"

"Anajichukulia. Anakula watoto wao."

Magesa alikanyaga breki, nami nikaangukia bega lake. "Anakura watoto wa wenyeji wake?"

"Na wao wanaendelea kumlamba."

"Mgeni siku mbiri, mwarimu! Siku ya tatu mpe jembe!"

"Sisimizi hawana jembe, Magesa. Endesha."

Akaendesha, lakini alikuwa ameumia moyo kwa ajili ya wale sisimizi. Nikamweleza jinsi kiwavi anavyojifunga huko huko chini, na mvua ya kwanza ikilowesha udongo anatoka akiwa kipepeo. Hapo utamu umekwisha. Sisimizi wakimkuta mlangoni hawamlambi tena, wanamrarua. Kwa hiyo anatoka mbio, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyotolewa kwenye begi, anapanda jani la nyasi, anayanyoosha, anaruka. Ana siku chache tu za kutafuta mwenzake na kurudi kwenye kivumbasi. Ukipindua ule udongo, sisimizi wanakufa, kivumbasi kinakufa, na yeye hana pa kwenda, kwa sababu hajui nyumba nyingine.

Nikamsimulia pia siku ile tulipokuwa wadogo, mimi na pacha wangu, tumelala kifudifudi ngitilini tukawaona sisimizi wamembeba kiwavi mzimamzima, wanamsindikiza kama bibi harusi. Niliyemwona kwanza ni mimi. Pacha wangu anadai ni yeye. Tumegombania jambo hilo utotoni, tukaligombania kwenye harusi yangu, tukaligombania hata kwenye matanga ya bibi mpaka wazee wakatutoa nje.

"Na bibi arikuwa anawaamua vipi?" Magesa akauliza.

"Kwa kitu cha kugawana alikuwa na sheria moja: mmoja akate, mwingine achague. Mimi nilitangulia kuzaliwa, kwa hiyo nilichagua. Pacha wangu akawa mkataji. Na kwa kuwa aliogopa nitachukua kikubwa, alikuwa anapima kiazi kwa unyasi, jicho moja kalifumba, jasho linamtoka. Usukumani nzima hakuna mtu anayeijua nusu kama yeye."

"Na huyo ndiye anataka kuirima?"

"Huyo huyo."

Magesa akatikisa kichwa kwa uchungu. "Hana akiri. Haki ya nani, mwarimu, huyo kaka yako hana akiri kabisa."

Nilimpenda sana wakati ule.

Sengerema, kwenye mgahawa

Tulisimama kula. Nimeagiza michembe, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, na karanga, na Magesa ameagiza kila kilichobaki. Akatoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza spika ili mikono ibaki kwenye ugali.

"Bosi, nimefika Sengerema. Nifuate njia gani?"

"Shika barabara kubwa," simu ikajibu, "ukifika kwenye mashine ya kukoboa, kata kushoto, nyoosha mpaka kwangu."

Mchembe niliurudisha sahanini. Mashine hiyo naijua. Na sauti hiyo naijua tangu tumboni.

"Fanya haraka," Doto akaendelea. "Mvua inakuja, na nina dada yangu mmoja mkorofi, anaweza kutokea wakati wowote."

Magesa akacheka, akanikonyeza. "Kumbe wenye ndugu wakorofi ni wengi! Usijari bosi, hapa nina mwarimu mmoja mzuri sana, ni mwenyeji wa huko huko, ananionyesha njia."

 Kisha Doto akasema polepole, "Mwalimu. Sawa." Akakata.

Ningeweza kusema palepale: Magesa, bosi wako ndiye yule asiye na akili. Ningesema, yangeisha kiungwana. Badala yake nikatafuna michembe yangu taratibu, nikafikiri. Nililisukuma trekta hili kwa mikono yangu, nikalipa baraka, nikalipanda. Nimejipalia makaa mwenyewe, basi nitayazima mwenyewe.

Mpango wa kwanza ulikuwa kumshibisha alale. Nikamwitia ugali wa pili, sangara wa mchuzi, maharage, chai ya maziwa, maandazi. Mwenye mgahawa akadhani nimempata mchumba. Magesa alikula vyote, akalamba vidole, akasimama akajinyoosha mpaka mifupa ikalia.

"Asante, mwarimu. Sasa nina nguvu ya kurima mpaka Geita."

Mpango wa pili ulikuwa njia ya mkato.

Mbugani

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu niliirefusha vizuri. Kabla ya kufika mashine ya kukoboa nikamkatisha kulia, nikamwambia tunapita mbugani tunatokea nyumbani kwa bosi wake kwa nyuma. Na kweli, wakati wa kiangazi unaweza kutokea. Tulipofika katikati ya ule udongo mweusi, ziwa likionekana kwa mbali limekuwa rangi ya sufuria, tone la kwanza likanidondokea puani. La pili sikulihesabu. Mvua ilishuka yote kwa pamoja.

Wanaoijua mbuga wanajua. Udongo ule ukiwa mkavu unapasuka, ukilowa unashika kila kitu usikiachie. Trekta lilikwenda kidogo, likateleza, likazama gurudumu moja, Magesa akaongeza moto, likazama yote mawili. Nikashuka kusukuma. Mguu wa kulia ulipotoka, kiatu hakikutoka. Nikaingiza mkono kukitafuta, kiatu cha kushoto nacho kikaaga. Vile viatu vyangu vya harusi ya mpwa wangu, mnavikumbuka, viko huko mpaka leo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hilo nilijiambia kabla hamjaniambia.

Magesa alisimama kwenye mvua, akatazama magurudumu, akanitazama mimi. "Mwarimu, hii ndiyo njia ya mkato?"

"Ya mkato kwa miguu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitesa. Alipanda tu kitini, akapiga simu. "Bosi, samahani. Nimezama."

Nimewaambia ng'ombe walinisaidia. Walitokea kwenye mvua, wanne, na nira zao na minyororo, na nyuma yao majirani wenye makoleo wakiimba. Mbele kabisa anakuja Doto, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Mkononi ameshika jozi ya pili ya gambuti.

Alisimama chini yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye madigadi, miguu mitupu, mwavuli umevunjika mbavu.

"Umechelewa," akasema. "Nilikutegemea jana."

"Feri ilichelewa."

"Vaa." Akanirushia gambuti.

Magesa alitazama uso wa Doto. Akatazama wangu. Sisi si wa kufanana kama mayai, lakini bibi alikuwa na pua moja tu na alitugawia sawasawa. Akavua kofia taratibu, maji yakamwagika. "Mwarimu," akasema, "wewe ndiye kiwavi!"

"Magesa..."

"Wewe ndiye kiwavi! Na mimi nimekubeba mwenyewe toka Kamanga! Nimekuramba!"

"Samaki nilikupa kwa moyo mweupe," nikamwambia. "Sangara ndiye alikuwa wa hila."

Akafikiri. "Arikuwa mtamu, rakini," akasema, na hapo akaanza kucheka, na alipocheka yeye trekta zima lilitikisika.

Mbaya zaidi walikuwa majirani. Walipoona nimekaa juu ya trekta, hawakuuliza swali, wakadhani mshahara wangu ndio umelileta. Akina mama wakapiga vigelegele. "Kulwa katuletea trekta! Kulwa mtoto wa kwetu!" Mzee mmoja akanishika mkono akanishukuru kwa machozi, akaomba zamu ya pili baada ya Doto. Mtu aliyetoka Ilemela kulizuia trekta akaingizwa kijijini juu ya trekta, linavutwa na ng'ombe, kwa nyimbo. Doto alikuwa anatembea pembeni, uso ameugeuzia upande wa pili, mabega yanamcheza.  Alikuwa anajiwekea akiba ya kunicheka miaka yote.

Ngitilini

Asubuhi mvua ilikuwa imekata, ardhi inatoa mvuke. Magesa alikuwa wa kwanza kuamka. Akasema kabla hajagusa ufunguo wa trekta anataka kumwona huyo mgeni anayekula watoto. Doto akasema upuuzi, akachukua fimbo yake, akatangulia.

Ngitili ilikuwa fupi, imeliwa na ndama mpaka chini, na chipukizi za kijani zimeanza kutokeza. Vivumbasi vilikuwa vimeamka, ukivigusa na gambuti harufu inapanda mpaka kichwani. Tukalala kifudifudi wote watatu kwenye nyasi mbichi, mbele ya tundu la sisimizi, watu wazima wenye familia. Mke wa Doto akapita na ndoo, akatutazama, akaendelea zake.

Tulingoja hadi tumbo la Magesa likaanza kulalamika. Kisha kwenye tundu kukawa na vurugu. Sisimizi wakakimbia huku na huku, na katikati yao kikatoka kitu cha kijivu, chenye mikunjo, kinakwenda mbio kwa miguu. Sisimizi mmoja akamdaka bawa. Nilishika mkono wa Doto. Bawa likamteleza sisimizi, akabaki na vumbi mdomoni, anashangaa, na kipepeo akapanda unyasi uliokuwa karibu na pua yangu. Akakaa. Polepole mabawa yakaanza kufunguka. Kwa nje yana madoa kama vipele, lakini alipoyafungua, ndani mlikuwa na buluu. Buluu ya unga, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Magesa akasahau kupumua, kisha akapumua kwa nguvu, na kipepeo akachukuliwa na pumzi ile. Akapepea chini chini juu ya nyasi mpaka kwenye vivumbasi.

"Kwa heri, mwizi," Magesa akasema.

Doto alikuwa bado ameutazama unyasi. "Niliyemwona kwanza ni mimi," akanong'ona.

"Usianze."

Tukakaa. Na hapo ndipo ilipobidi tuzungumze. Doto hakunipigia kelele. Alisema ng'ombe waliobaki ni wale wanne niliowaona na ndama wachache, wengine walikwenda na ukame uliopita. Alisema debe la mahindi limekuwa kitu cha kuombana, na yeye amechoka kuomba, hasa kuniomba mimi. "Ngitili bila ng'ombe ni nini, Kulwa? Ni nyasi. Nitawaambia wanangu wale nini, madoa?"

 Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Doto hawezi kukikataa. "Mmoja akate," nikasema, "mwingine achague."

Akanitazama. Akainuka, akapangusa magoti. "Nakata mimi."

"Kama kawaida."

Alichukua jembe la mkono akatangulia kupiga alama, na Magesa akamfuata na trekta akichana mstari mmoja ardhini. Wakaanzia barabarani, mstari umenyooka. Nilifunga mikono kifuani nikijiona mjanja, mpaka nilipoupima kwa macho unakoelekea. Nusu kamili ya ngitili ile inapita katikati ya mteremko wa vivumbasi. Katikati kabisa, juu ya nyumba za sisimizi. Na Doto ninayemjua mimi hajawahi kukata kitu isipokuwa nusu kamili. Nilitaka kupiga kelele asimame, lakini sheria ya bibi ilikuwa ngumu kwa hilo: anayechagua hafungui mdomo mpaka kisu kitoke.

Alipokaribia nyumba za sisimizi alisimama. Akavunja unyasi. Akaunyoosha mbele ya jicho, la pili akalifumba, vilevile kama zamani. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akautupa, akakata kona.

Mstari ukapinda. Ukauzunguka mteremko wote, ukawaacha sisimizi na vivumbasi, ukateremka, ukaiweka upande huo huo hata ile sehemu ya chini yenye udongo mzuri karibu na kijito. Upande wa pili kikabaki kipande chembamba, kando ya barabara, chenye mawe.

Magesa akazima trekta. "Bosi, hapa umekosea. Upande mmoja mkubwa sana."

"Maliza kazi yako," Doto akasema. Kisha kwangu, huku anawatazama ng'ombe: "Chagua."

"Doto, umekata vibaya."

"Macho. Uzee huo."

"Tumezaliwa siku moja, na mimi naona vizuri."

"Basi chagua kabla hayajapona."

Nililia. Msicheke, nililia kwa sauti, nimesimama na gambuti kubwa kuliko miguu yangu. Kuna watu wanakupa zawadi kwa maneno mengi. Pacha wangu alitupa unyasi tu.

"Nachukua upande wa sisimizi," nikasema nilipoweza. "Ila kule chini kijitoni utalima wewe, mahindi yako, na kiangazi ng'ombe wako watakula nyasi kama siku zote. Ule mteremko tu usiguswe."

"Nitafikiria," akasema, na nikajua amekubali, kwa sababu alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa shati. "Ila kuna sharti."

"Sema."

"Useme hapa, mbele ya shahidi, nani alimwona kiwavi kwanza."

Magesa aliinama mbele kwenye usukani asikose neno. Hata ng'ombe nadhani walinyamaza. Nilimtazama Doto, mvi kwenye ndevu, magoti yana matope, anangoja kama anayengoja matokeo ya mtihani.

"Ni wewe," nikasema. "Wewe Doto ndiye uliyemwona kwanza."

Jamani, yule mwanamume alicheza. Alicheza kwenye mstari ule wa trekta, akamwita mke wake aje asikie tena, nikarudia. Akawaita majirani, nikarudia. Wakati wa kuondoka alinibebea mzigo mpaka barabarani, akamsimamisha mtu wa baiskeli asiyetufahamu kabisa, nikarudia. Gambuti akasema nibaki nazo.

Hiyo ndiyo habari yote, na sasa mwalimu wa hesabu aache kunirusha ziwani. Jambo moja limebaki, na nawaambia ninyi kwa sababu mko Ilemela, Doto yuko ng'ambo, na feri mnaijua inavyochelewa. Niliyemwona kwanza ni mimi.